Nani Ameinunia Zacahuil?

Nilipohamia huku Huasteca, mashariki mwa Mexico, kutoka Chihuahua kule kaskazini, nilijiwekea utaratibu wa kula. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga na cherehani. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwenye vile vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi pamoja na mashine, na vijitabu hivyo, hata vile vilivyoandikwa ovyo, vinakubaliana juu ya jambo moja: usiruke hatua. Kwenye mgahawa wa Doña Eulogia, nyumba ya pili kutoka karakana yangu, kulikuwa na ubao wenye vyakula kumi na tisa vya asubuhi. Nikaanza na cha juu kabisa. Chakula kimoja kwa wiki, asubuhi saba mfululizo, ndipo niseme nakijua.

Nilikula mayai ya mchuzi mwekundu wiki nzima, kisha mayai ya mchuzi wa kijani wiki nzima. Nilipofika kwenye bocoles, vile vikate vinene vya mahindi vinavyokandwa kwa mafuta ya nguruwe na kujazwa maharage, nilishawishika kuongeza wiki ya pili, lakini utaratibu ni utaratibu. Baada ya wiki kumi na tisa nilirudi juu ya ubao. Niliuzunguka ubao ule mara nane. Mtu angeniuliza, ningesema kwa unyenyekevu kwamba sasa najua watu wa huku wanafungua kinywa na nini.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Jumapili chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Niliketi peke yangu na sahani yangu, na Yadira, mhudumu, aliniwekea kahawa mezani mbio mbio na kutokomea jikoni kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Nilidhani watu wa mji huu ni wacha Mungu sana. Niliwaheshimu kwa hilo. Ile harufu nzuri iliyopita dirishani nilidhani ni ya jirani.

Doña Eulogia alifariki mwezi wa tano. Binti yake, Obdulia, akachukua mgahawa, ubao ukabaki vilevile, nami nikaendelea.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, siku ya Jumamosi mchana, Yadira alikuja karakanani akihema. Mkanda wa mashine yao ya kusaga umekatika na mahindi yamebaki nusu. Kwa miaka yote hiyo mashine ile haikuwahi kuharibika, jambo linalomsikitisha fundi ingawa analiheshimu, kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita jikoni na kutokea uani.

Nilibadilisha mkanda. Nilipoinua kichwa niliona tanuri ya udongo kubwa kama kichuguu, na mbele yake meza ndefu. Juu ya meza kulikuwa na kitu kirefu kama mtu mzima, kimeviringishwa kwenye majani ya mgomba kuanzia kichwani hadi miguuni. Watu wanne walikizunguka, kimya. Macho ya Obdulia yalikuwa mekundu. Shangazi yake, bibi Crescencia, alikuwa anakipapasa polepole kwa viganja viwili.

Nikavua kofia.

"Poleni sana," nikasema. "Sikuwa na habari. Ni nani?"

Wakatazamana.

"Ni nguruwe, Don Abundio," Yadira akanijibu. "Na bata mzinga wawili."

"Mungu awarehemu," nikasema, maana ulimi ulikuwa umeshaanza safari.

Filemón, mchoma tanuri, aliketi chini palepale kwenye majivu akashika mbavu. Yadira alijifunika uso kwa aproni. Hata Obdulia, ambaye macho yake kumbe yalikuwa mekundu kwa moshi wa pilipili, alicheka mpaka akakohoa.

"Hii ni zacahuil!" akasema. "Don Abundio, usiniambie hujawahi kula zacahuil."

"Haimo kwenye ubao."

"Haimo kwenye ubao! Nani ataandika zacahuil kwenye ubao? Kwani viti tumeviandika 'viti'?"

Hapo ndipo nilipoelezwa, kila mtu akimkata mwenzake kauli. Ni tamale, ule mkate wa mahindi unaopikwa ndani ya majani na kuenea kiganjani, lakini hii ni tamale ya mji mzima: mahindi yaliyosagwa kwa kukwaruza tu, pilipili nyekundu, mafuta, nyama kwa mapande, vyote ndani ya majani, usiku kucha ndani ya tanuri iliyozibwa kwa tope. Inafunguliwa Jumapili alfajiri. Doña Eulogia alikuwa akiiuza hapa hapa uani, kila Jumapili ya maisha yake, na watu waliingia kwa geti la nyuma linalotazama mtaa wa pili.

"Mji mzima ulikuwa hapa," Filemón akasema akijipangusa majivu. "Padri alikuwa anafupisha mahubiri ili awahi ile ya pembeni, iliyogandia majani."

"Na mimi nilikuwa mbele," nikasema.

"Na wewe ulikuwa mbele."

"Tulijua una kidonda cha tumbo," akasema bibi Crescencia.

"Sina kidonda cha tumbo, shangazi."

"Basi tulikosea," akajibu, bila kuonekana amehuzunika.

Nilipiga hesabu kichwani, nikatoa Jumapili za baada ya msiba, maana tangu mama yake afariki Obdulia hakuwa ameipika tena. Zikabaki Jumapili mia moja na kumi na tatu.

"Haina neno," nikasema.

Obdulia akanieleza kwa nini leo ameirudia. Jioni ya siku hiyo mjukuu wa Doña Hortensia Zumaya alikuwa anaoa, na bibi huyo alikuwa amemwagiza chakula cha asubuhi ya pili yake, watu sitini. Mtu asiyemjua Doña Hortensia asidhani hili ni jambo dogo. Bibi huyo akisema chakula fulani hakifai, hata mbwa wa mtaa huo huhama.

"Ikitoka vizuri, nafungua geti la nyuma kila Jumapili kama zamani," Obdulia akasema. "Ikitoka vibaya, nalipigilia misumari. Nitakaanga mayai mpaka nife. Watu wanasema mkono wa mama ulikwenda naye kaburini. Kesho tutajua." Kisha akanitazama mikono. "Wewe fundi, unajua mafundo. Tusaidie kufunga kamba."

Nilifunga mafundo kumi na moja. Yote yalikaza vizuri.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa uani, nimevaa shati safi na kofia ya Jumapili. Wageni walikuwa wanatarajiwa saa tatu. Filemón alibandua tope kwenye mdomo wa tanuri kwa nyundo, akaondoa bati, yeye na Yadira wakavuta lile fungu kubwa mpaka kwenye ukingo. Obdulia alijipiga ishara ya msalaba. Akakata kidirisha kidogo kwenye jani, akazamisha kijiti, akakitoa.

Kijiti kilitoka kimevaa unga mbichi mweupe kama soksi.

Akajaribu upande wa pili. Soksi ya pili.

Bibi Crescencia alisogea, akanusa lile tundu, akanusa hewa, akatunusa sisi mmoja mmoja.

"Kuna mtu amenuna," akasema. "Kuna mtu aliiwekea mkono na huku moyoni ana hasira. Imeogopa kuiva."

Sikucheka. Hata kwetu Chihuahua, siku ya tamale mama alikuwa akiwatoa jikoni wote waliogombana, na sufuria ikigoma alifunga vipande vya maganda ya mahindi kwenye masikio ya sufuria, akaichezea ngoma. Sikuwa na ushahidi wa kukubali wala wa kukataa. Nilisema tu kwa upole kwamba pengine tuangalie kuni kwanza.

"Kuni zangu?" Filemón akapaza sauti. "Kuni zangu zina nini?"

"Pengine unyevu kidogo."

"Unyevu! Mimi nachoma tanuri hii tangu Yadira hana meno! Kuni zangu ni kavu kuliko mahubiri ya padri!"

"Huyu hapa!" Yadira akamnyooshea kidole. "Shangazi, huyu ndiye mwenye hasira! Mwone mshipa huo!"

"Mimi sina hasira! SINA HASIRA!"

Kuku watatu waliruka ukuta.

"Nyamazeni," bibi Crescencia akasema. "Filemón, rudisha makaa, ongeza kuni, lakini mdomo usizibwe. Hakizibwi kitu mpaka hasira itoke uani. Inataka saa mbili na nusu za moto, na mkiizibia na hasira ndani, hata wiki mbili hazitoshi. Mwenye hasira ataisema kwa sauti, kisha atacheza mbele ya tanuri mpaka uso ulegee." Akaangaza macho. "Atakayewauliza ni Don Abundio. Huyu hana ndugu hapa, na tangu aje hajawahi kugombana hata na inzi."

Nilikubali. Nilivuta kiti kidogo, nikatoa daftari langu la kazi, nikaandika majina yao kwa mpangilio wa nani aligusa nini.

Nilianza na Filemón, kwa kuwa alikuwa ameshachemka.

"Kaka Filemón, jana ulipokuwa unapasha tanuri, kulikuwa na jambo lililokukera?"

Alichora mstari kwenye majivu kwa kidole cha mguu.

"Kuna kasuku," akasema.

"Endelea."

"Kasuku wa mama mkwe. Amejifunza sauti yangu. Ananiigiza nikimwomba mke wangu msamaha. 'Nisamehe mpenzi, ni mimi mjinga, nisamehe mpenzi.' Na amewekwa barazani, barabarani kabisa! Jana nimepita na gogo begani, watoto wa shule wote wananiitikia, 'Ni mimi mjinga!'"

Nikaandika: kasuku.

"Na unamwomba msamaha wa nini?" Yadira akauliza.

"Hilo halimo kwenye maswali! Don Abundio, hilo limo?"

"Halimo," nikasema.

Bibi Crescencia alichana jani la mgomba vipande viwili vyembamba. Tanuri haina masikio ya kufungia, kwa hiyo alivitundika kwenye masikio ya Filemón. Filemón akacheza, akikanyaga majivu na kuimba "ni mimi mjinga" kwa sauti ya kasuku, mpaka mwenyewe akaanza kutabasamu. Bibi akachungulia ndani ya tanuri, akazamisha kijiti.

"Siyo yeye. Au siyo yeye peke yake."

Yadira alikuwa wa pili. Alisema hana lolote. Akasema tena hana lolote. Mara ya tatu alitupa kitambaa mezani.

"Shada la maua!" akasema. "Jana bi harusi ametupa shada. Nimejipanga, nimevua viatu, nimeruka. Mnajua nani amelidaka? Mama yangu! Mjane wa miaka hamsini na nane, kanipiga kiwiko hapa, tazameni, pamevimba! Na asubuhi hii nimemkuta anajipaka rangi ya kucha!"

"Lakini harusi ilikuwa jana jioni," nikasema. "Zacahuil mliifunga mchana."

"Alinikera tangu asubuhi. Nilimwona anafanya mazoezi ya kuruka."

Nikaandika: mama, kiwiko, mazoezi. Yadira alicheza vizuri sana, lazima niseme. Kijiti kikatoka na soksi yake ileile.

Bibi Crescencia, kwa haki, alitaka naye aulizwe.

"Mimi nina hasira," akasema bila kungoja swali. "Nina hasira na watu wote wa mji huu tangu mwaka walipohamisha kituo cha basi. Lakini yangu haidhuru chakula. Yangu imeshaiva."

Nikaiandika hiyo pia. Hakuna aliyethubutu kumtundikia majani.

Alibaki Obdulia. Alikuwa amekaa kwenye gunia la mahindi, mikono mapajani. Saa ilikuwa inakaribia moja. Nilijisikia vibaya kumuuliza, lakini hatua hairukwi.

"Doña Obdulia. Na wewe?"

"Nitamkasirikia nani? Aliyekufa?"

Akaitazama ile meza ndefu.

"Miaka ishirini nimesimama karibu yake kwenye meza hii," akasema. "Hakuwahi kuniambia kipimo. Kila kitu ni 'kiasi chake'. Pilipili kiasi chake. Mafuta kiasi chake. Na chumvi, aliniambia: wewe tia, mimi nitakuambia basi. Nikawa natia, yeye anasema basi. Natia, anasema basi. Kisha akafa. Jana nimesimama na chumvi mkononi kama sanamu. Natia, natia, nangoja mtu aseme basi."

Filemón alivua kofia. Bibi Crescencia alimvuta Obdulia akamfuta uso kwa pindo la shali, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Kisha akamtundikia majani masikioni. Wakacheza wawili, polepole, bila muziki, vidole vyao vya miguu vikikwepana. Nilitazama daftari muda wote huo, kwa sababu ya adabu.

Kijiti kikazama. Kijiti kikatoka.

"Bado," akasema bibi Crescencia.

"Basi ni kwaheri," Obdulia akasema. "Yadira, nitafutie misumari."

"Ngoja," Filemón akasema. Alikuwa ameinamia lile fungu, anajaribu kulegeza kamba ili moto upenye. Alivuta kwa vidole, akavuta kwa meno, akachukua koleo. "Hili fundo halifunguki. Na hili. Tazama, kamba imezama ndani ya jani, imeikaba kama mtu anayedaiwa roho. Haya mafundo yamefungwa na mtu anayesaga meno."

Kisha vichwa vinne vikageuka taratibu kunitazama.

"Mimi?" nikasema.

"Don Abundio," akasema bibi Crescencia, kwa sauti ya upole, akiniiga mimi mwenyewe. "Jana ulipokuwa unafunga kamba, kulikuwa na jambo lililokukera?"

"Hapana, shangazi. Mimi nilifunga kwa kufuata kanuni. Mzigo mzito unataka fundo—"

"Una hasira?"

"Sina."

"Jibu lako hilo limetoka puani."

"Nasema sina hasira. Nilisema haina neno. Ninyi wote mlinisikia nikisema haina neno."

"Haina neno gani?" Obdulia akauliza.

Nilitaka kulieleza jambo kwa mpangilio. Nilifungua ukurasa mpya. Nikaandika namba moja. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Jumapili mia moja na kumi na tatu," nikasema.

"Sema kwa sauti, tanuri haisikii."

"Jumapili mia moja na kumi na tatu!" nikasema, na sauti iliyotoka sikuitambua, ilikuwa kubwa na ilikuwa na mikwaruzo, kama mashine iliyokaa bila grisi. "Mayai! Nimekula mayai nyuma ya ukuta huu, hatua kumi na nne kutoka hapa! Padri anajua! Kuku wanajua! Ukuta wenyewe niliupaka rangi mimi, upande wa mbele, bure, sikukuu ya mtakatifu wa jina la marehemu, na nikasema, 'Doña Eulogia, harufu gani hii nzuri,' naye akanijibu, 'Ni Jumapili'! Ni Jumapili! Nikadhani ni fumbo la dini! Nikaenda kanisani kunusa! Hakuna hata mmoja wenu aliyefungua ule mlango akasema, wewe mtu wa kaskazini, njoo! Kidonda cha tumbo! Tumbo langu lingeweza kusaga misumari!"

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Sikumbuki nilipandaje.

"Huyu ndiye," akasema bibi Crescencia, ameridhika kabisa, na akaanza kuchana jani.

Wakati huo huo geti la nyuma lilisukumwa, wakaingia wanamuziki watatu wa harusi, mmoja wa fidla na wawili wa magitaa, waliotangulizwa na Doña Hortensia ili wawe tayari. Walikuwa hawajalala tangu jana. Mpiga fidla alitembea jicho moja limefumba.

"Pigeni," bibi akawaambia. "Huyu hapa anataka kucheza."

Sijawahi kutaka kucheza. Watu wa huku huzaliwa wanajua kugonga sakafu ya mbao kwa visigino, mguu unasema na fidla inajibu. Mimi najua polka moja ya kwetu, niliyojifunza kwa kutazama miguu ya mjomba, na mjomba alikuwa na mguu mmoja mfupi. Nikacheza hiyo hiyo. Majani yalinipiga mashavuni. Mara ya kwanza nilizunguka uani nikiwa bado nasema, "Kumi na nne! Hatua kumi na nne!" Mara ya pili nilisema kwa pumzi fupi. Mara ya tatu nilimwona Yadira amelala juu ya meza anacheka bila sauti, na mpiga fidla amefumbua jicho la pili ili aone vizuri, na kitu kilichokuwa kimejifunga chini ya mbavu zangu kikalegea. Nilicheka. Nilicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Ziba!" bibi Crescencia akapiga kelele. "Ziba sasa hivi!"

Filemón alikata mafundo yangu yote kwa kisu, akafunga kamba upya kwa kulegeza, wakalisukuma fungu ndani, bati likawekwa, tope likapakwa. Ilikuwa saa moja na robo. Ongeza saa mbili na nusu. Wageni saa tatu. Obdulia alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakaa chini.

"Tutawaambia nini kwa dakika zile zote?"

"Atakayeingia atacheza," akasema bibi. "Wageni sitini, unajua wana hasira ngapi? Wametoka harusini."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa tatu kasoro walianza kuingia, nguo za jana, nywele za leo. Kila aliyepita getini alikuta mimi, Filemón na Yadira tumetundikiwa majani tunacheza mbele ya tanuri, na bibi Crescencia amesimama na rundo la vipande mkononi kama mkata tiketi. Wakadhani harusi inaendelea. Bwana harusi alitaja, mbele ya watu wote, jinsi wakwe walivyomkalisha karibu na spika. Bi harusi alitaja viatu. Mama yake Yadira aliingia na kucha nyekundu, akacheza na mpiga gitaa mmoja, na gitaa likapungua kwenye muziki.

Kisha akaingia Doña Hortensia Zumaya na fimbo yake.

"Na huyu," akasema, akininyooshea fimbo, "ni nani anayepigana na nyuki?"

"Ni fundi wa mashine, mama," Obdulia akajibu.

"Mimi nimealikwa kula. Chakula kiko wapi?"

"Kinakuja. Bado kidogo."

"Kidogo ni dakika ngapi? Mama yako saa kumi na mbili alikuwa ameshafungua."

Bibi Crescencia ndiye aliyesogea mbele. Yeye na Doña Hortensia walisoma darasa moja.

"Hortensia, una hasira?"

"Nina njaa."

"Ni dada yake hasira. Inamisha kichwa."

"Usinitundikie takataka, Crescencia."

"Inamisha, au tunakaa hapa mpaka Pasaka."

Sijui walikuwa na deni gani la utotoni, lakini Doña Hortensia aliinamisha kichwa. Akagonga chini kwa fimbo mara moja. Akagonga mara ya pili. Visigino vikafuata vyenyewe, visigino vya miaka themanini na mbili, na fidla ikalazimika kumkimbilia. Watu walirudi nyuma kumpa nafasi. Alicheza nyimbo mbili na nusu bila kutabasamu hata kidogo, na alipomaliza ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Filemón akapiga nyundo. Tope likaanguka. Harufu ikatoka kwanza, peke yake, ikasimama uani kama mtu.

Obdulia hakutafuta kijiti. Alikata jani urefu wote, akalifungua pande mbili, na mvuke ulipopanda tuliona unga umekuwa mwekundu kama matofali, umeshikana, unatetemeka kidogo, nyama ikijiachia kutoka mfupani bila kuombwa. Watu walipiga mbinja. Yeye hakupiga mbinja. Alichota sahani ya kwanza, akaweka pilipili ya siki pembeni na kikombe cha kahawa ya mdalasini, akampelekea Doña Hortensia mwenyewe, kisha akasimama mbele yake mikono imeshikana.

Doña Hortensia alikula tonge moja, akatazama mbali. Akala la pili. Akanywa kahawa. Alikula sahani nzima bila neno, akakwangua jani kwa kijiko, akafuta mdomo. Sote tulikuwa tumesimama. Hata wanamuziki walikuwa wameacha.

Alifungua mkoba wake mweusi wa harusi. Akatoa kopo tupu la aiskrimu, la lita moja, na mfuniko wake. Akaliweka mezani. Akatoa la pili. Akatoa la tatu, lililokuwa ndani ya la nne.

"Jaza," akasema. "Na usinipe mifupa."

Makelele yaliyolipuka yaliwatorosha kuku waliobaki. Uani kote mikoba ikafunguliwa, makopo yakatoka, ya siagi, ya rangi yaliyooshwa vizuri, hata kofia ya bwana harusi; na Obdulia anachota, anacheka, anafokea watu wapange mstari, sauti yake imepanda juu kabisa. Filemón alishika nyundo, akalipiga geti la nyuma kabari ili lisifungike.

Mimi nilikuwa bado natafuta kofia yangu chini ya meza. Niliposimama, fungu lote lilikuwa jani tupu. Sikusema haina neno. Nilikuwa nimejifunza.

"Doña Obdulia," nikasema, "nimekasirika."

"Najua," akasema. Akainua sahani iliyofunikwa na nyingine juu yake. "Kaa."

Ilikuwa ile ya pembeni, iliyogandia majani, imekauka kidogo na kuungua kidogo, anayoipenda padri. Nilikula polepole, kwa kijiko, kuanzia kushoto. Sina maneno yake na sitajaribu. Nilipofika katikati niligundua kwamba Obdulia, bibi Crescencia, Yadira na Filemón walikuwa wamesimama mstari mmoja wakinitazama, kama mimi nami nina mkoba wa kufungua.

"Vipi?" Filemón akauliza.

"Siwezi kusema kwa siku moja," nikamjibu. "Itabidi niile Jumapili saba mfululizo."

"Sabini," akasema Obdulia. "Geti linafunguliwa saa kumi na mbili. Lakini kamba hutagusa tena, Don Abundio. Utakuwa unakuja Jumamosi kukaa pale kwenye gunia na kuniambia basi."

"Basi ya nini?"

"Ya chumvi."

Nikamwambia ukweli, kwamba chumvi siijui hata kidogo.

"Mimi pia," akasema, na akachukua sahani yangu kwenda kunikwangulia jani la mwisho.